Siku Dalali Alipoingia Benki

Gari la Eluned Prydderch lilikuwa limesimama uani tangu mwezi wa pili, na halikuwa na ubovu wowote. Lilikosa bima tu. Na bila gari Eluned hakuwa na kazi, maana kazi yake ilikuwa kusafisha nyumba za wageni zilizotawanyika milimani nje ya Blaenau, huko Wales, moja huku, nyingine kule, mahali ambapo basi halifiki na mvua haiondoki. Wageni wa Pasaka walikuwa njiani. Mwenye nyumba hizo alikwisha kumwambia kwa upole, ule upole wa mtu aliyeshapata mwingine wa kumweka: "Ukiwa na gari kufikia Pasaka, Eluned, kazi ni yako. Usipokuwa nalo, itabidi nimwite yule mama wa Porthmadog."

Bima ilipoteaje? Mshahara wa Januari ulichelewa. Hela za umeme zilipokuja kukatwa kwenye akaunti, hazikukuta kitu. Benki ikamtoza paundi thelathini na tano kwa kosa la kutokuwa na hela. Tozo ile ikaizamisha akaunti chini ya sifuri. Ya bima ilipokuja nayo ikakuta patupu, akatozwa tena, na watu wa bima wakamfuta. Kisha akatozwa kwa kuwa amezama. Wala haikuwa mara ya kwanza, kila kipupwe kwa miaka sita ilikuwa hivyo hivyo. Ni kama mtu atumbukie kisimani, na kila akishika ukingo apigwe vidole kwa kuwa amelowa.

Mwaka ule wa 2007 watu kila pembe walikuwa wakizidai benki. Redioni walisema tozo za namna ile hazina haki, mtu akikomaa atarudishiwa. Eluned akaandika. Benki ikamjibu kwa kumshukuru kuwa mteja wao. Akaandika tena, wakamshukuru tena. Ndipo akapanda basi hadi mahakama ya Caernarfon.

"Fomu ya Kiingereza au ya Kiwelisi, mama?" karani akamuuliza.

Akachukua ya Kiwelisi, wala si kwa ujanja. Ndiyo lugha aliyoizoea kwa kusali na kwa kugombana. Kiingereza chake kilikuwa cha kuwauliza wageni kama wanataka taulo zaidi. Akaijaza taratibu kwa kalamu ya wino, akatia sahihi. Karatasi zikafika makao makuu ya benki huko Uingereza, zikamkuta mtu asiyejua zimeandikwa nini, akaziweka kando zingoje anayejua. Huyo anayejua hakutokea. Siku za kujitetea zikapita, mahakama ikaamua: Eluned alipwe paundi mia tisa na arobaini. Hukumu nayo ikawekwa kando, juu ya zile nyingine.

Blaenau ni mji mdogo, neno halina pa kujificha. Aliyelisikia kwanza alikuwa Mererid Bebb, karani wa dirishani pale benki, ambaye kwa miaka ishirini ameimba sauti ya pili bega kwa bega na Eluned kwenye kwaya ya kanisa. Jumapili alimsubiri mlangoni.

"Kumbe umetushtaki."

"Sijakushtaki wewe, Mererid. Nimeishtaki benki."

"Na benki hapa Blaenau ni nani? Ni mimi, Bwana Pickersgill na radieta ya kupasha joto inayovuja. Makao makuu wanatafuta sababu ya kulifunga tawi letu, wewe umewashikisha kisu mpini."

"Nina gari limesimama, mwenzangu."

"Kila mtu ana lake lililosimama," Mererid akasema, akaingia ndani, akakaa mwisho wa benchi na mkoba wake akauweka katikati yao. Siku ile kwaya iliimba vibaya, na kila mtu alijua kwa nini.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, dalali wa mahakama, Ifor Gethin, akaingia benki na kibali cha kukamata mali mkononi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kuhema. Alimsihi Eluned abaki nyumbani, lakini hakuweza. Kukaa peke yake na kuitazama saa kungemuua. Akasimama karibu na mlango, koti likidondosha maji.

Bwana Pickersgill, meneja kijana aliyeletwa kutoka Stockport, Uingereza, akakisoma kibali mara mbili. "Hili ni kosa bila shaka. Ngoja niwapigie makao makuu."

"Wapigie tu, bwana," Ifor akasema. "Mimi huku naandika vitu."

Simu ikawa inampigia Pickersgill muziki. Ifor akapita taratibu: kompyuta, mashine ya kahawa, kiti cha meneja, ambacho alikikalia kwanza kukijaribu. Akafika kwa mume na mke wa kadibodi waliosimamishwa sakafuni, wakicheka kwa furaha ya kupata mkopo.

"Hawa nawaacha," akasema. "Hawauziki, na sura zao naziona zina madeni." Akarudi kukaa kwenye kiti cha meneja.

Mzee mmoja aliyekuja kuchukua pensheni yake alikwisha kuhesabiwa na kulipwa, lakini hakuondoka. "Niko kwenye foleni," akasema, ingawa foleni ilikuwa yeye peke yake.

Eluned hakucheka. Alikuwa akitazama shingo ya Mererid nyuma ya kioo, jinsi ilivyokuwa nyekundu. Akatamani ardhi ipasuke. Akatamani jambo liishe, liishe vyovyote vile.

Mwishowe muziki ukakatika, mtu akazungumza, Pickersgill akasema ndiyo, ndiyo, hapana, bado yuko kwenye kiti changu, ndiyo. Akaweka simu chini, uso umemnawiri. Hakuwa mtu mbaya.

"Habari njema, Bi Prydderch. Wamekubali zote. Naziingiza kwenye akaunti yako dakika hii hii, huna haja ya kungoja mambo ya mahakama. Sawa?"

Mdomo wa Eluned ulikwisha kufunguka kusema asante.

"Ukisema sawa, wewe ni mjinga kuliko nilivyodhani," Mererid akasema kwa Kiwelisi. Hakuinua macho kutoka kwenye noti alizokuwa akizifunga kwa mpira. "Akaunti yako imezama mia nane na themanini. Hela zikiingia humo shimo linazimeza zote, unatoka hapa na nauli ya basi. Mwambie Ifor azipokee yeye."

"Amesema nini?" Pickersgill akauliza.

"Namkumbusha mazoezi ya kwaya," Mererid akajibu kwa Kiingereza.

Ifor akashikwa na kikohozi kirefu.

"Na asichelewe kama juzi," mzee wa pensheni akaongeza.

Eluned akamgeukia meneja. "Nashukuru, Bwana Pickersgill. Lakini mahakama imemtuma Ifor. Apewe Ifor."

"Lakini hela ni zilezile, mama. Na deni lako lingekwisha leo hii."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililomchoma. Deni lilikuwapo, hata kama tozo zao wenyewe ndizo zilizolichimba.

"Deni nitalilipa wageni wakija," akasema. "Bila gari sitalilipa kabisa, hata mkauza hicho kiti."

Ifor akainuka kwenye kiti, akakifuta kwa mkono wa koti. "Umesikia, bwana. Niandikie hundi kwa jina la mahakama."

Hundi ya mahakama ilimfikia Eluned Jumatano kabla ya Pasaka. Hakuipeleka benki ile, alijiunga na chama cha akiba na mikopo kilichoko juu ya duka la viatu, wakamhurumia, wakamtolea hela siku ileile, na kabla ya jua kuzama gari lilikuwa na bima.

Ijumaa iliyofuata Pasaka akasimama mbele ya dirisha la Mererid, vidole vikinuka dawa ya kusafishia vyoo, akasukuma noti mbili za paundi kumi chini ya kioo.

"Kwenye deni," akasema.

Mererid akazihesabu, kana kwamba noti mbili zinahitaji kuhesabiwa. "Imebaki mia nane na sitini."

"Najua. Mererid, siku ile, kama yule bwana angejua…"

"Usinishukuru hapa, kuna kamera. Na mwezi wa nane uwe umemaliza. Usipomaliza, nitakuja kwako na Ifor, nianze na masufuria."

"Masufuria yenyewe hayana vifuniko."

"Ndiyo maana nakwambia ulipe. Nenda, unanilowesha kaunta."

Eluned akachukua risiti, akatoka mbio mvuani. Gari aliliacha likiunguruma, na nyumba tatu zilikuwa zikimngoja kabla ya saa nane.