Nani Alisema Hivyo Darasani

Mwaka wa 1995 Mutindi alikuwa akifundisha fasihi Kidato cha Tatu katika shule moja ya kutwa, Kitengela. Riwaya ya muhula huo ilihusu nchi ambayo raia hupewa sukari kwa kuripoti maneno ya majirani. Wanafunzi waliisoma wakicheka, mpaka Jumanne moja Kathini aliposimama. Aliuliza kwa nini kitabu kinaitwa cha kubuni, ilhali hapa shuleni viranja huandika majina ya wanaoongea Kikamba ama Kimaasai, kisha viranja hao husamehewa kufagia.

Mutindi akamwambia hilo ndilo swali bora alilosikia mwaka huo.

Kesho yake mwalimu mkuu, Bwana Ndung'u, alimwita Mutindi ofisini. Habari zilikuwa zimemfikia, na alitaka jina la mwanafunzi aliyefananisha shule na nchi ya riwaya. Mutindi alikataa. Ndung'u hakubishana naye; aliingia darasani mwenyewe, akagawa karatasi, akaagiza kila mmoja aandike jina la mchochezi.

Karatasi arobaini na moja zilirudi, na zote zilikuwa na jina moja: Madam Mutindi. Hata ya Kathini. Ndung'u alipomwonyesha karatasi hizo, Mutindi aliujua mwandiko wa mviringo wa msichana huyo.

Hasira ilimpanda. Alimwambia Ndung'u kwamba amewafundisha watoto kuuzana kwa dakika kumi, kazi ambayo kitabu kizima hakingeweza. Ndung'u akasema barua ya uhamisho itafika wiki hiyo.

Jioni Kathini alimfuata kwenye mfereji wa maji, akilia.

"Niliogopa, Madam. Baba angeitwa."

"Najua uliogopa. Lakini usinililie mimi. Enda ofisini useme ni wewe, na kwamba ulisema ukweli."

Aliondoka bila kumgusa hata bega.

Kathini alienda kweli. Alifukuzwa shule kwa wiki mbili. Baba yake, Mwololo, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha simenti, alikosa zamu ili aje shuleni. Hakumtafuta Ndung'u. Alimkuta Mutindi akipakia vitabu vyake kwenye katoni.

"Mwalimu, wewe watakuhamisha na mshahara wako," alisema polepole. "Mimi niko na huyu mtoto mmoja. Kwa nini ulimtuma?"

Mutindi alikuwa amemtuma kwa hasira, na alilijua hilo. Alimwomba Mwololo msamaha. Mzee aliitikia kwa kichwa tu, akaenda zake bila kusema kama amemsamehe.

Januari Mutindi aliripoti shule yake mpya, Magadi, joto likichoma hata saa mbili asubuhi. Mwalimu mkuu wa huko alimuuliza atafundisha riwaya gani. Akaitaja ileile. Kisha akamwambia kwamba akitaka kujua linalosemwa darasani, aje aketi nyuma asikilize mwenyewe, asimtume mtoto wa mtu.

Alisema kwa ukali kuliko alivyokusudia. Mwalimu mkuu akaandika kwenye ratiba: Jumatatu, kipindi cha pili, nitakuja.