Nafasi Kando ya Clem

Siku ambazo basi la watalii huja Combe Petrock, Thelma Yeo huanua nguo zake kabla ya saa nne, zikauke zisikauke. Hakuna aliyemwamuru. Tangu kijiji kianze kupigiwa picha za tamthilia ya televisheni kuhusu daktari wa zamani, wenyeji wamezoea kuishi mwaka 1938 mchana na mwaka wao jioni: mapipa ya taka hufichwa uani, magari hulazwa nyuma ya ghala, na milango yote ina kijani kimoja walichochaguliwa. Wageni hutembea, husifu, hunywa chai, wakaenda zao. Thelma hakuwa na ugomvi nao. Ugomvi wake ulikuwa makaburini.

Mumewe Clem, fundi wa kuezeka nyasi, alizikwa huko miaka sita iliyopita, upande wa kusini wa kanisa. Kando yake ilibaki nafasi moja, ya mwisho katika uwanja mzima, nayo ilikuwa ya Thelma. Cheti cha nafasi hiyo alikiweka kwenye droo ya vijiko. Kisha watu wa tamthilia wakamuua daktari wao, Ambrose Thorley, kwa homa ya mapafu, wakaomba waazimwe nafasi ile siku tatu wapige picha za mazishi. Thelma akakubali. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa kaburi. Wakasimika jiwe la povu gumu, lile la kufungia friji mpya, wakalipaka rangi. Walipoondoka hawakulikumbuka.

Mashabiki wakaanza kuleta maua. Thelma akawa kiguu na njia. Asubuhi alilibeba jiwe kwapani na kuliegemeza ukutani. Adhuhuri alilikuta limerudishwa na shada juu yake. Alasiri alilibeba tena. Chakula alikula amesimama. Ikaenda hivyo mwaka mzima, hadi Jumatatu moja jiwe likakataa kuinuka. Lilikuwa baridi, limeota kijani upande wa kaskazini, na limezama ardhini sawasawa na mawe mengine.

Akamwita Des Luscombe, mchimba makaburi. Des alichimba mpaka kifuani, sepetu ikagonga ubao. Akafungua, akatazama, akavua kofia.

"Ni yeye," alisema. "Mke wangu hulia kila wakirudia kipindi kile."

"Namjua, Des. Nauliza anafanya nini kwenye shimo langu."

"Wanachofanya wenzake, dada. Amelala."

Kasisi Philippa Garland alikuja na mabuti ya mpira, akachungulia, akasema maiti aliyekwisha kuzikwa hahamishwi bila sahihi ya ndugu zake.

"Ndugu gani?" Thelma aliuliza. "Huyu hakuzaliwa."

"Hapo ndipo penye kazi, Bi Thelma. Hakuna wa kutia sahihi."

Novemba, katika ibada ya kuwaombea marehemu, jina la Ambrose Thorley lilisomwa pamoja na mengine, na kanisa likaitikia amina kwa nguvu kuliko ilivyoitikiwa ya Clem. Baada ya ibada kasisi alimpa fomu ya nafasi katika makaburi mapya ya kilimani, maili nne kutoka pale, ng'ambo ya barabara kuu. Aliitia mfukoni bila kuisoma, akazunguka nayo kijiji kizima siku tano.

Siku ya sita, saa kumi jioni, daktari alibisha hodi. Alikuwa na udongo mabegani. Alijipangusa viatu vizuri, akaketi, akapewa chai ambayo hakuinywa.

"Ningehama, Bi Yeo," alisema. "Lakini nimeandikiwa kulala pale."

"Na nani?"

"Sijapata kuwaona."

Thelma alikuwa akitembea kutoka jiko hadi dirishani, dirishani hadi jiko. "Basi umekuja kunitaka radhi."

"Nimekuja kwa sababu ya mumeo. Kule giza ni nene, na mbao za upande wangu zimelegea. Amenishika mkono tangu siku ya kwanza." Daktari aliitazama chai yake. "Anadhani umeshafika. Sikuwa na moyo wa kumwambia."

Thelma aliketi. Hakuwa ameketi katika nyumba ile tangu jiwe lile lisimikwe.

"Ana furaha?"

"Sana."

"Basi usimwambie." Alifuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Mguu wake wa kushoto humuuma mvua ikikaribia, alianguka kutoka paani zamani. Usiulalie. Akinuna mwache, atarudi mwenyewe. Na usizungumze sana. Mimi si msemaji asubuhi, atakushtukia."

Daktari alitoa daftari dogo, akayaandika yote, akauliza ni bega lipi analopenda kuegemea. Thelma akamwonyesha kwa mkono, juu ya bega lake mwenyewe.

Kesho yake alipeleka fomu kwa kasisi, akaweka sahihi mahali palipotiwa alama.

"Nimefurahi kwamba umeridhika," alisema Kasisi Philippa.

"Sijaridhika," Thelma akamwambia, akamrudishia kalamu yake.