Bahasha Iliyomfuata Somoe Shambani

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tano Novemba, mwaka juzi, siku ya mtihani wa Jiografia. Ndoto iliyonijia jana nayo haikuhangaika kutafuta pengine pa kuanzia. Ilianzia hapohapo.

Kwanza niseme ilivyokuwa, maana wakubwa wana yao wanayoyasema. Mke wangu Somoe alikuwa mfagizi wa kituo cha afya, akataka kuwa muuguzi. Wakamwambia lete cheti cha kidato cha nne. Akajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafanya masomo yote, likabaki hilo moja. Asubuhi yake akaanguka mlangoni, ameshavaa, penseli kaichomeka kwenye nywele. Nikakimbilia gari la wagonjwa. Wakaniambia, "Gari bovu, mzee, subiri." Mimi nikasubiri. Yeye hakusubiri.

Matokeo yalipotoka wakamwandika "hajakamilisha". Cheti hakitoki. Binti yetu Asumini akaacha shule wiki ileile. "Mama kasoma mpaka macho yamevimba," alisema, "wanamwita hajakamilisha. Mimi nikasome nini?" Anamuuliza nani? Mimi mwenyewe niliishia darasa la nne.

Sasa ndoto. Naingia jikoni, nakuta bahasha imekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, imekunja nne. Bahasha kubwa ya kaki, yenye lakiri nyekundu kifuani. Miguu imeitoa wapi sikuuliza. Mgeni haulizwi mambo ya miguu.

"Hodi," ikasema, ilhali imeshakaa.

"Karibu."

"Mimi ni Jiografia. Namtafuta mtahiniwa Somoe. Sifunguliwi mpaka aione lakiri yangu kwa macho yake. Ndiyo kanuni."

"Somoe amekufa."

Bahasha ikajipekua. "Kwangu imeandikwa hajafika."

"Hajafika kwa sababu amekufa."

"Sababu hazina nafasi humu. Nafasi ipo ya hajafika tu."

Nikageuka nichukue birika nimpe mgeni chai, kumbe jikoni hakuna tena. Tumesimama ofisi ya elimu. Mkubwa hayupo. Lipo koti lake kwenye mgongo wa kiti, kama siku zote, ili watu wadhani katoka kidogo. Tofauti ya leo ni kwamba koti linazungumza.

"Shikamoo," nikaliambia. Lina vifungo vya dhahabu, ningefanyaje?

"Marahaba. Njoo kesho."

"Hiyo kesho yenu nimeshaimaliza. Nataka mke wangu akamilishe."

"Mtahiniwa hufanyia mtihani kituoni, mzee wangu. Makaburini hatujasajili kituo."

"Na mtahiniwa akiumwa?"

"Akiumwa sana hufuatwa kitandani. Msimamizi anakwenda na mtihani wake. Hiyo ipo."

"Basi," nikasema. "Somoe hawezi hata kuinuka. Mmeshapata mgonjwa aliyezidiwa kuliko huyo?"

Koti likajipapasa mfuko wa kulia. Mfuko ukasema, "Huyu mzee kasema kweli."

Mfuko wa kushoto ukadakia, "Nyamaza wewe, utatuponza!"

Koti likakohoa, likashuka kwenye kiti. "Haya, twende. Msimamizi ni mimi."

Sikushangaa hata kidogo. Watu wale hawajazoea kurudishiwa kanuni yao mdomoni. Wakirudishiwa wanaimeza.

Nje kuna gari la wagonjwa, jeupe, linanguruma, zima kabisa. Koti linashika usukani. Bahasha inapanda nyuma, inavuta shuka, inajilaza kwenye kitanda cha wagonjwa bila kuoneshwa. Inajua hata pa kuegemeza kichwa.

"Umezoea humu," nikaiambia.

"Nilishapanda. Jumanne ile. Gari la elimu lilipasuka tairi, tukaazimwa hili. Safari ilikuwa nzuri, sikukunjika hata pembe."

Gari linakwenda, na sisi tumesimama palepale, miti ndiyo inayopita. Kumbe gari halikuwa bovu. Lilikuwa limembeba huyu.

Nikaikamata kwa pembe zote mbili. Karatasi kitu gani? Nikivuta tu imekwisha.

"Chana," ikasema, bila hofu. "Ukinichana hakuna mtihani. Na pasipo mtihani, hajakamilisha mpaka Kiyama."

Koti kule mbele likajifanya linatazama barabara. Nikaiachia pembe moja, halafu ya pili.

"Amka ukae," nikaiambia. "Hicho kitanda si chako."

Ikaamka, ikakaa wima kama abiria mwingine yeyote, shuka imelikunja magotini.

Tukafika shambani kwetu, kwenye mikorosho, tulikomzika. Somoe amekaa kwenye dawati katikati ya safu mbili, mgongo umenyooka, penseli kwenye nywele. Amenenepa kidogo. Nilifurahi, nikanyamaza, maana ni chumba cha mtihani.

"Baba Asumini," akasema, "umekuja na ndala, na hii shughuli ya serikali? Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Mashavu hayo ya mtu aliyekula?"

"Mtahiniwa haongei!" likasema koti.

"Nawe ni nani, na mtu mwenyewe hayumo ndani?"

Koti likafunga vifungo vyake vyote. Bahasha ikamsogelea, ikainua kifua. Somoe akaikagua lakiri, akaigonga kwa ukucha kama anavyogonga nazi sokoni.

"Imelala sana hii. Haya, ifungueni."

Swali lilikuwa moja tu: *Chora ramani ya mahali unapoishi. Onesha njia zote.*

Akachomoa penseli, akachora nyumba yetu. Akachora paa na lile bati jipya nililolipigilia mwaka jana, ambalo hakuwahi kuliona. Akamchora Asumini kakaa kizingitini, kashika tama. Akachora kisima, msikiti, shule. Kisha akachora njia ya kwenda kituo cha afya, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii si kweli," akasema. "Hii haifiki. Nipeni kifutio."

Koti likapekua mifuko yote. Hakuna. "Mtahiniwa huja na vifaa vyake," likasema.

Nikavua ndala ya kushoto. Tulivyokuwa watoto tulifutia ndala, nani asiyejua? Nikaing'ata kisiginoni, nikavuta, kikatoka kipande cha kutosha. Nikampa. Akakipulizia vumbi, akaifuta ile njia taratibu, kipande kwa kipande, mpaka karatasi ikawa nyeupe. Bahasha ikaangalia pembeni.

"Sasa ndiyo ramani," akasema Somoe.

Koti likapiga makofi kwa mikono mitupu. "Muda umekwisha. Kalamu chini!"

Penseli ikaenda chini. Ikapita dawati, ikapita nyasi, ikazama udongoni, haikusimama. Somoe alikuwa ameishika, na hajawahi kuachia kitu chake mtu huyu. Akazama nayo, kiuno, mabega, hana wasiwasi.

"Wakusanye karatasi yangu," akasema, kidevu kikigusa majani. "Usikubali waseme haikuonekana."

Nikaamka.

Jua limeshapanda. Mdomoni nina ladha ya mpira na vumbi. Nje nilisikia Asumini anafagia, halafu fagio likanyamaza.

"Baba! Ndala yako imeliwa na nini?"

Nikatoka. Kaishika juu juu kwa vidole viwili. Kisigino cha kushoto kimenyofolewa kipande.

"Panya," akasema.

"Hebu tazama vizuri."

Akaigeuza kwenye mwanga. Alama za meno zimejipanga, juu na chini, na katikati ya yale ya juu pana pengo. Akaniangalia mdomo. Kijiji kizima mwenye pengo hapo ni mimi peke yangu.

Nikamweleza yote, nimesimama mguu mmoja chini, mmoja juu ya jiwe. Nilipofika kwenye gari akakaa kitako uani. Nilipofika kwenye ramani akauliza, "Na mimi nilikuwemo?" Nikamwambia ulikuwemo, umekaa kizingitini, umeshika tama. Hakucheka.

Akapitisha kidole kwenye zile alama za meno.

"Kwa hiyo mama kamaliza," akasema. "Mtihani kafanya, msimamizi alikuwepo, muda hakuzidisha."

"Hakuzidisha hata kidogo."

"Sasa, baba, nani anasahihisha?"