Jina ya Kutia mu Wimbo

Ku magasin ya centre-ville, patron Katongo alituwekea claviers mbili pa meza: moja nyekundu, moja nyeusi. Chorale yetu ya Kamalondo ilituma bantu babili kuchagula moja ya kupigia mu misa: miye Dédé, juu najua kupiga, na Mama Régine, présidente, juu miye hakuna muntu ananiaminiaka. Kuko Gloria moja yenye niliingiza sauti ya mbwa katikati. Padri alicheka. Mama Régine, hapana.

"Ungemaliza polytechnique, saa hii uko ingénieur," alinisemea mu njia ya kukuya. "Lakini uko tu na ma-blague."

"Mama, ingénieur hapigake orgue."

Hakucheka. Simu ya mutoto yake Elisée ilikuwa haipite tangu dimanche, siku ya misa. Elisée anachimbaka shaba ku Kambove, na kule banasema shimo moja ilianguka. Shimo ya nani, hakuna mwenye kujua. Mama Régine alikuwa anaiangalia simu mu mukono kama muntu anaangalia chungu ku moto.

Nilianza na nyekundu. Sauti yake ya piano muzuri kabisa: unagusa polepole, inajibu polepole. Lakini sauti yake ya orgue, kinanda ya kanisa, ilikuwa filimbi ya plastique. Nikahamia ku nyeusi. Ile orgue ikajaza magasin yote, na chini yake kulikuwa kama muntu anavuta pumzi.

"Piga kintu ya polepole," Katongo alisema. "Njo utasikia kama inashikilia sauti."

Kwa kushikilia, hakuna wimbo inapita ile tunaimbaka wakati sanduku inatoka mu nyumba. Bila maiti, ile haiimbwake. Ata ku répétition, tukijifunza tu, tunaifanyaka kinywa ya kufunga, bila maneno. Lakini vidole haina kinywa. Na nilitaka kuona sura ya Katongo.

Niliiona. Alitoa kofia. Ku mulango, bantu benye kupita balisimama, bakafanya alama ya musalaba. Nilikuwa karibu kupasuka na kicheko, wakati sauti ilitoka nyuma yangu. Mama Régine alikuwa anaimba. Na maneno yote. Bilio ya maiti yenye ameimba ni mingi sana, kinywa ilijifungua yenyewe.

Nikatoa mikono.

"Usiache!" Alinishika ku bega. "Uko muzima ku kichwa? Ukiiacha katikati, kifo inakuya yenyewe kutafuta mwisho!"

Nikarudisha mikono. Couplet ya kwanza ya wimbo. Ya pili. Mu ya tatu kunaingiaka jina, jina ya ule tunasindikiza. Nikafika pale, nikakamata accord bila kuinua vidole. Inashikilia, kweli. Katongo alikuwa anaangalia chini.

"Jina, mama?"

"Unaniuliza miye?" Aliangalia simu. "Mu kichwa yangu kuko jina moja tu, na ile siitie. Weye njo ulianza, Dédé. Tia."

Nilifikiri kutunga jina, ya muntu haiko. Lakini nani anajua bantu bote ya dunia?

"Tia yangu," nilisema.

Aliitia. Aliiimba muzuri, sauti ya chini, mupaka amina.

Kisha akafinya simu tena. Ikapita.

"Mama, batterie ilikufa tu, sasa kelele ya nini?" Tulisikia sauti ya Elisée sisi bote. Mama Régine akacheka, akaruka, akapiga mikono. Kisha akaniangalia, na kicheko ikaisha.

"Patron, tunabeba nyeusi," alisema. "Orgue yake iko ya kweli."

Katongo alifunga carton, akaisukuma juu ya meza ili mukono yake isikutane na yangu.

Inje, pa kuvuka barabara, Mama Régine, ule hanipeaka ata bonjour, alinikamata mukono kama mutoto mudogo. Akaangalia kushoto, akaangalia kuume, akarudilia kushoto.

"Tembea polepole, mutoto yangu," alisema.

Njo pale baridi iliniingia.