Udongo wa Baba Jérôme

Mimi Hélène naungama mapema: maji niliyamwaga kwa makusudi. Ndoo mbili nzima, kwenye udongo ambao tayari ulikuwa umelowa vya kutosha.

Ilikuwa siku ya kukandika nyumba ya Plamedie, hapa mtaani kwetu Ngezi. Chama chetu cha akina mama hakina mambo mengi: mwenzetu akikosa pa kulala, tunamlaza kwetu kwa zamu, halafu tunamjengea. Plamedie alikuwa amelala sebuleni kwangu miezi mitatu na watoto wake wawili, tangu alipomkimbia mumewe Bruno. Sebule yangu ni ndogo na mdomo wangu ni mkubwa, lakini tulielewana.

Asubuhi hiyo alipigiwa simu, akanijia mbio.

"Mama Hélène, Bruno anakuya na baba Jérôme. Wanatoka kwao Fataki na moto, ile pikipiki yake."

"Wakuye! Udongo iko mingi, tutawapaka."

"Bruno simuogope tena. Lakini muzee akiniambia nirudi, sitaweza kumukatalia. Alinipokea kama mutoto yake."

Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Huyo Jérôme ni baba mdogo wa Bruno. Ndiye aliyepeleka ng'ombe wa mahari, na katika ukoo wao neno lake halijibiwi. Nikamuuliza Plamedie mzee ana udhaifu gani. Pombe? Akacheka kidogo.

"Zamani alikuwa anajenga manyumba. Akiona udongo mubaya, hawezi kunyamaza."

Basi nikachukua ndoo.

Walifika saa nne. Bruno alibaki kwenye pikipiki na viatu vyake vyeupe. Mzee alikuja moja kwa moja, kofia mkononi, hotuba imemjaa kinywani. Akafungua mdomo, akaona udongo.

"Hii ni nini?"

"Ni udongo, muzee," nilijibu, kwa unyenyekevu ambao wenzangu hawajawahi kuusikia kwangu.

"Hapana! Hii ni supu! Maji mingi, majani hakuna! Ukuta itaanguka mbele ya Jumapili!"

"Siye ni wanamuke tu, muzee. Hatujue."

Mama Kahindo, ambaye amekandika nyumba kumi na moja, aligeukia uzio ili asionekane akicheka. Mzee akavua viatu, akakunja suruali, akaagiza majani makavu na udongo mwingine. Kukanyaga udongo ni kushikana mikono, maana unateleza. Nilimwachia Plamedie nafasi kando yake.

Tuliimba. Mzee alikemea, alikanyaga, akasahau kabisa kilichomleta, na mimi nikajisifu moyoni. Kisha Plamedie akateleza. Mzee akamshika mkono wa kushoto kumvuta, na mkono ule haukunyooka. Tukaacha kuimba.

"Hii mukono iko na nini?"

"Ilivunjika, baba. Siku ya Noeli."

"Waliniambia ulianguka ukienda kuchota maji."

Nilitaka kumsemea Plamedie, nikauuma ulimi wangu. Haikuwa kazi yangu.

"Sikuanguka," alisema. "Ni Bruno njo alinipiga, na mupini ya jembe."

Mzee alisimama matope yakiwa magotini. Alimtazama Bruno, na Bruno akatazama viatu vyake.

"Rudi Fataki," mzee alimwambia. "Nikimaliza hapa, tutaongea mbele ya jamaa yote."

"Lakini baba, ng'ombe tulipeleka..."

"Ng'ombe nilipeleka mimi! Weye ulipeleka nini? Mupini!"

Pikipiki ikaondoka. Nililia, sifichi, na mzee akanikemea kwamba udongo umeshapata maji ya kutosha. Kumbe ndoo yangu alikuwa ameiona tangu alipofika.

Alilala kwa jamaa zake hapa mjini, akakandika nasi siku tatu. Ya nne alikuja na mlango begani, kautengeneza mwenyewe. Haukuwa na pa kutia kufuli kwa nje. Komeo lilikuwa moja, kwa ndani. Alipomaliza kuupachika alimwambia Plamedie aingie na watoto, afunge. Yeye akabaki nje nasi, kofia mkononi.

"Hodi," akabisha. "Ni Jérôme. Ukitaka, fungula. Ukikataa, nitaenda."

Tulisubiri. Ndani watoto wakaanza kucheka, na Plamedie akawaambia wanyamaze kwanza, bado anafikiri. Mzee akasogea hatua moja nyuma, akangoja kama mgeni yeyote. Ndipo komeo likavutwa.