Ukuta Ni Wangu
Katika duka moja Kitengela, Naeku alirudi nyuma pole pole mpaka mgongo ukagusa mlango, akiitazama ile televisheni ya inchi themanini na tano iliyokuwa ikionyesha mpira.

"Mama, hiyo ni ya bei rahisi, jina lake hakuna mtu anajua," akasema mwanawe Dennis. "Chukua hii ndogo."

"Siku nilikuzaa, wewe nani alikuwa anajua jina lako?"

Muuzaji akaangua kicheko. Naeku hakucheka. Kwa jirani, watu wakishangilia goli naye hushangilia, lakini mpira wenyewe hajauona tangu macho yake yaingiwe na ukungu.

"Itajaza ukuta wote!" Dennis akalalamika.

"Ukuta ni wangu. Na huo mpira nauona kutoka hapa mlangoni. Kijana, niwekee hiyo kwa boksi."