Sema Kipande

Mimi si mtu wa hasira. Baba Kudra, mume wangu, akinisikia nikisema hivyo hucheka mpaka ile lenzi yake ya ufundi saa inamdondoka jichoni, lakini yeye hajawahi kuosha glasi arobaini za chai kwa maji ya Mbeya mwezi wa Juni. Angeziosha hata siku moja, tungeelewana.

Ugomvi wetu ulikuwa wa sabuni. Tulikuwa na hoteli ya meza sita karibu na stendi ya mabasi, mimi nikipika na kusimamia, yeye akitengeneza saa za watu barazani na kutoa maoni. Mwaka huo wa sabini na sita reli mpya ilituletea wateja wengi kuliko tulivyozoea, na vyombo havikuwa vinalala. Baba Kudra alikuwa mtu wa sabuni ya unga. Alisema unga unayeyuka hata kwa maji baridi na unakata mafuta ya mbuzi, lakini kipande katika baridi hii ni jiwe, unakisugua mpaka kiganja kinachubuka na povu hulioni. Mimi nilikuwa mtu wa kipande. Unga ni mzuri kwa masufuria na mashuka, sikatai. Utie kwenye glasi ya chai sasa. Usiposuuza mara tatu unaacha utando mweupe na harufu ya nguo zilizoanikwa, na maji ya kusuuza mara tatu yatoke wapi, wakati bomba la uani linadondosha tone tone?

Wa kwanza kulalamika alikuwa Budeba, Msukuma wa Ubaruku aliyekuwa akileta mchele mjini kila wiki na kunywa chai kwangu kabla ya kitu kingine chochote. Siku moja aliinusa glasi yake, akairudisha mezani, akaniambia kwa upole kwamba chai ni tamu ila inafua. Nilicheka kwa aibu. Jumatatu iliyofuata akaja bwana afya, na hapo kicheko kiliisha.

Jina lake Kalinga, kijana wa Iringa aliyehamishiwa kwetu, suruali yake imenyooshwa kwa pasi mpaka inakata. Alichukua glasi kabatini, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole ndani na kunionyesha kile kidole. Kilikuwa cheupe. Kisha akasema: Sabuni ya unga haisuuzwi vizuri hapa, watu wanainywa, na anatupa mpaka Ijumaa. Akirudi akaikuta glasi moja tu katika hali ile, hoteli anaifunga.

Sikulala vizuri. Hoteli ile ndiyo iliyokuwa inatulisha sote wanne, mimi, Kudra, mama mkwe wangu na huyo fundi wa saa mwenyewe, maana saa za watu wa Mbeya haziharibiki kiasi cha kulisha nyumba. Tungefungiwa, nisingejua pa kuanzia.

Sasa, unga ule ulikuwa unaingiaje jikoni mwangu wakati mimi ni mtu wa kipande? Aliyekuwa anauleta ni Atuganile. Huyu alikuwa muosha vyombo wetu, binti wa Kinyakyusa kutoka upande wa Tukuyu, mke wa kibarua mmoja wa reli aitwaye Lutengano, na hata mwaka ndoa yao ilikuwa haijatimiza. Mchapakazi, msafi, hana maneno mengi. Lakini miezi minne mizima nilikuwa nikimtuma kipande cha sabuni analeta unga. Nilimwambia asubuhi, nilimwambia jioni, nilimwambia kwa upole na nilimwambia kwa namna nyingine. Anaitikia, "Ee, mama," anajitanda khanga, anavuka barabara kwenda duka la Selemani, anarudi na pakiti ya unga ameishika kwa mikono miwili kana kwamba ni zawadi. Nilishaanza kuamini Baba Kudra anampa chochote pembeni.

Jumanne, siku moja baada ya bwana afya, nilimsimamisha nikamweleza taratibu kama ninavyomweleza mtoto. Unga tumeuacha. Nataka kipande. Hela hii inatosha kipande kimoja, usilete mche mzima, usilete unga, leta kipande. Akaenda. Akakaa sana. Aliporudi alikuwa amebeba nusu mkate.

Mkate! Nilimtazama, nikautazama mkate, nikatafuta pa kukaa. Nikamuuliza alimwambia nini Selemani. Akasema, macho chini, kwamba alimwambia anataka kile cha kukata. Baba Kudra huko barazani alicheka mpaka mteja wake akaichukua saa yake na kuondoka nayo.

"Si ungesonta kwa kidole tu?" nikamuuliza. Lakini hata mimi nilijua haiwezekani. Mwaka ule sabuni ya kipande ilikuwa inaonekana na kupotea, na Selemani aliificha chini ya meza ya duka. Rafuni alipanga unga, chumvi na viberiti. Kipande alipewa aliyekitaja, tena aliyekitaja akiwa anafahamika.

Jumatano asubuhi mafuta ya chapati yalinirukia mkononi, kuni zilikuwa mbichi, na Atuganile alirudi tena na pakiti ya unga. Nadhani hata angekuja malaika na unga ule ningemfokea. Niliacha chapati ikiungua, nikamshika bega, nikamsimamisha katikati ya hoteli mbele ya wateja.

"Sema kipande," nikamwambia.

Akaikumbatia ile pakiti ya unga.

"Hutoki hapa mpaka uniambie. Neno lenyewe dogo, hata mtoto wa miaka miwili analisema. Sema kipande."

"Siwezi, mama," akasema. Machozi yalikuwa yameanza kumlenga. "Kwetu hatusemi."

Nikaona ananidharau. Kwao hawasemi! Kwao wanaogea nini, majani? Nikapandisha sauti mpaka stendi, nikalirudia neno lile kama mwalimu anayefundisha darasa zima: kipande, kipande, kipande, wewe, kipande!

Nje ya mlango mtu akakohoa mara mbili, kikohozi cha makusudi. Kisha sauti nzito ikaitika.

"Naam. Nani ananiita?"

Atuganile alijifunika khanga mpaka usoni, akaniponyoka, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Beseni la vyombo alilikwaa njiani na glasi mbili zikavunjika. Mimi nilibaki nimeinua mkono hewani.

Mlangoni hakuingia mtu. Aliyeitika alikuwa amesimama kando, ameupa mlango mgongo, mwanaume wa miaka kama hamsini mwenye koti la mvua na mkungu wa ndizi begani. Nilipomkaribisha alikataa kuvuka kizingiti. Aliniomba radhi, akasema anajua mkwewe anafanya kazi humu na si vizuri akakutana naye uso kwa uso, ndiyo maana amekohoa. Alikuwa amekuja kumletea mwanawe Lutengano ndizi, akaona apite kunisalimu mimi ninayekaa na binti yao. Basi akiwa bado barabarani akasikia jina lake linaitwa kwa nguvu.

"Jina lako?" nikauliza.

"Kipande," akasema. "Baba yangu alifanya kazi kwenye dhahabu, kule Chunya. Siku amerudi nyumbani na kipande chake cha kazi, ile kadi ya kuhesabia siku za kibarua, kimejaa siku zote, mimi nimezaliwa. Wakaniita hivyo hivyo."

Akanieleza mengine akiwa bado ameupa mlango mgongo. Kwao mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hapiti alipokaa, na jina lake halitii kinywani. Hata neno linalofanana na jina hilo hulikwepa, akatafuta jingine. Mama yake Lutengano naye alikuwa hivyo. Baba mkwe wake aliitwa kwa jina la moto, na mama huyo akaishi mpaka uzee akisema "kile cha kuotea". Mzee Kipande alilisimulia hilo kwa fahari kabisa. Kisha akasema anasikitika kama jina lake limeharibu kazi ya watu.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Miezi minne! Nikaanza kukumbuka mambo. Mteja akiagiza nyama vipande viwili, Atuganile hufika jikoni akasema "viwili" tu, na mimi humfokea, viwili vya nini? Kumbe binti wa watu alikuwa anazunguka neno moja mchana kutwa kama mtu anayezunguka shimo kwenye njia ya nyumbani kwake, na mimi nimesimama nyuma nikimsukuma aanguke. Nilimtuma kuagiza sabuni. Kumbe nilikuwa namtuma akapige kelele jina la mkwewe dukani mbele ya watu.

Nilizipokea zile ndizi za Lutengano, nikamtolea mzee chai hapo hapo nje. Aliinywa akaimaliza, akasema nzuri. Nilijua ilikuwa inanuka sabuni.

Atuganile nilimkuta nyuma ya choo amechuchumaa. Nilimwomba radhi. Mimi si hodari wa kuomba radhi, nilisema haraka haraka na nikamalizia kwa kumlaumu kwamba angenieleza mapema.

"Ningekueleza vipi, mama?" akaniuliza. "Kueleza si mpaka nilitaje?"

Nilifunga khanga kiunoni nikaenda kwa Selemani mwenyewe. Siku mbili zilizofuata tuliziosha glasi zote upya kwa kipande na maji ya moto, mimi na yeye, bega kwa bega, na unga tukaubakiza kwa masufuria ili Baba Kudra naye asikose la kujivunia.

Ijumaa mchana Kalinga akaja. Baba Kudra alikuwa ameenda kusali. Kijana alinyanyua glasi ya kwanza kwenye mwanga, ya pili, ya saba, akapitisha kidole na kidole kikatoka kama kilivyoingia. Akanusa. Akakaa, akatoa fomu, akasema hoteli imepita. Nilitamani kumbusu paji la uso, basi tu heshima.

Akaanza kuandika. Jina la hoteli nikamtajia. Idadi ya meza nikamtajia. Kisha akauliza jina la mwenye leseni.

"Leseni ni ya mume wangu," nikasema.

"Anaitwa nani?"

"Baba Kudra."

Akatabasamu. Akasema Kudra ni mtoto, yeye anataka jina la mume.

Nikafungua kinywa. Bibi yangu aliyenilea alikuwa mtu wa Pangani, na alinifunza kwamba mke mwenye adabu hamwiti mumewe kwa jina. Kabla Kudra hajazaliwa nilikuwa namwita mwenzangu, alipozaliwa nikapumzika. Miaka kumi na tisa. Jina nalijua, nalisikia watu wakilitaja kila siku hapo barazani, lakini ulimi wangu haujawahi kulibeba, na mbele ya kijana yule wa serikali uligoma kama punda. Nilimwambia asubiri mwenyewe atoke msikitini. Akatazama saa yake. Akasema ana hoteli nyingine nne za kukagua, na fomu isiyo na jina la mwenye leseni haina maana, itabidi aandike kwamba hatujapita.

"Mama, si jina tu?" akasema. Alikuwa ameanza kuchoka na mimi. "Liseme."

Nilikodolea macho ile kalamu. Jasho lilikuwa linanitoka, katika baridi ile.

Atuganile akatoka nyuma, mikono inadondosha maji, akasimama kati ya meza yetu na mlango.

"Yunusu," akasema. "Andika Yunusu, bwana. Mama hawezi."

Kalinga akaandika. Atuganile hakucheka wala hakunitazama, alirudi kwenye beseni lake akaendelea kuosha.

Asubuhi yake sabuni iliisha. Nilitoa chapati kwenye moto, nikavuka barabara mpaka kwa Selemani, nikapenya foleni ya watu.

"Kipande," nikamwambia, kwa sauti ya kututosha sisi wawili.